UZI: Tiba ya sikio ya Wachina. Ramani ilitoka wapi, pa kubonyeza ni wapi, na maradhi gani isiyaguse

Binti_Pangani (mwanzisha uzi)

Habari za humu wakuu. Kuna picha inazunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp: sikio limejaa vidoti vya rangi, na maelezo kwamba ni siri ya kale ya Wachina, ukibana hapa presha inashuka, ukibana pale kisukari kinaondoka. Mama yangu mdogo amenitumia akiniuliza aache vidonge au aendelee navyo.

Nimesomea tiba ya Kichina kule Nanjing, na chumba cha sindano na kubonyeza ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Tiba ya sikio naiamini kwa yale inayoyaweza. Anayeiuza kama dawa ya kila kitu anamdanganya mgonjwa, na anayeibeza yote kwa pamoja anamnyima mtu kitu rahisi ambacho kingemsaidia alale usiku. Nitaandika kwa vipande, vumilieni.

Mchokonozi

Nimeweka kambi hapa dada, shusha nondo.

Binti_Pangani

Tuanze na ramani, maana hapo ndipo maneno ya uongo yalipojaa.

Ni kweli sikio lina historia ndefu katika tiba ya Kichina. Huangdi Neijing, kitabu mama cha tiba hiyo chenye umri wa miaka 2000 hivi, kinalitaja sikio kama mahali mishipa mikuu inapokutana. Zhenjiu Dacheng cha mwaka 1601 kinaeleza kuichoma ncha ya sikio kwa majani makavu ya jamii ya pakanga ili kutibu utando wa jicho. Mwaka 1888 Zhang Zhenjun alitoa kitabu cha kukanda watoto, na humo akaugawa mgongo wa sikio kwa viungo vitano: moyo, ini, wengu, mapafu na figo.

Lakini ile ramani ya mtoto aliyepinduka, kichwa kwenye ndewe na miguu juu, haikutoka China. Ilitoka Lyon, Ufaransa, kwa daktari anayeitwa Paul Nogier. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliona baadhi ya wagonjwa wake wana kovu dogo la kuchomwa kwa moto sikioni, karibu mahali pamoja. Alipowauliza, wakamwambia kuna mwanamke Marseille, Bi Barrin, anayewachoma pale kuwatibu maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, na kwamba walipata nafuu. Nogier hakuwacheka. Alijaribu mwenyewe, kisha akawaza: kama doa hilo la juu kwenye tuta la ndani la sikio ni kiuno, basi tuta lote ni uti wa mgongo, na shingo iko chini. Ndipo mtoto akapinduka. Aliwasilisha kazi yake Marseille mwaka 1956, na mwaka uliofuata ikachapishwa kwenye jarida la sindano la Kijerumani.

Mwaka 1958 muhtasari wa kazi hiyo ukatoka kwenye jarida la tiba ya Kichina la Shanghai. Wachina waliipokea kwa nguvu. Madaktari wa jeshi pale Nanjing wakaipima ramani kwa wagonjwa zaidi ya 2000, wakakubali baadhi ya madoa, wakahamisha mengine, na wakaongeza yao yanayotokana na fikra ya Kichina kuhusu viungo. Ndiyo maana hadi leo ramani ya Kifaransa na ya Kichina hazilingani kila mahali. Shirika la Afya Duniani liliitisha wataalamu Seoul mwaka 1987 na Lyon mwaka 1990 kulinganisha majina ya madoa. China ikaweka kiwango chake cha taifa mwaka 1992, ikakirekebisha mwaka 2008, na sasa kina madoa 93.

Kwa hiyo mtu akikuuzia ramani hii kama siri ya maelfu ya miaka, ujue hiyo picha anayokuonyesha haijafikisha hata karne moja. Na hilo haliiondolei heshima. Mimi naiona historia hii kuwa nzuri kuliko ile ya kubuni: mganga wa Marseille, daktari wa Lyon aliyekuwa na masikio ya kusikiliza wagonjwa wake, na madaktari wa Nanjing waliokaa kuhakiki.

Kisiwandui

Hii ya Nanjing imenigusa. Hapa Unguja madaktari wa Kichina tumewazoea tangu 1964, na bibi yangu alikuwa akienda kwao kuchomwa sindano za magoti. Wanatoka huko?

Binti_Pangani

Ndiyo ndugu yangu. Timu za Zanzibar hutoka mkoa wa Jiangsu, na Nanjing ndio makao makuu ya mkoa huo. Bara wanatoka Shandong, tangu 1968.

Tuendelee. Chukueni kioo mlitazame sikio, maana bila kulijua hamtaelewa madoa.

Ile nyama laini ya chini ni ndewe. Kwenye ramani ni kichwa na uso. Jicho liko katikati kabisa ya ndewe. Ukingo unaozunguka nje unaanzia ndani ya sikio, unapanda, unageuka juu na kushuka nyuma. Ndani yake kuna tuta la pili, lile la uti wa mgongo. Tuta hilo likifika juu linagawanyika matawi mawili, na kati ya matawi kuna bonde dogo la pembetatu. Katikati ya sikio kuna bakuli, nalo limegawanywa na mzizi wa ule ukingo wa nje: bakuli la juu ni tumbo na viungo vyake, bakuli la chini ni kifua. Mbele ya tundu kuna kinundu, na chini kidogo, juu ya ndewe, kuna kinundu kingine kinachokitazama.

Ukishaijua hiyo, madoa haya sita au saba yanatosha kwa mtu wa nyumbani:

Shenmen liko ndani ya bonde la pembetatu, upande wa nyuma kwa juu. Ndilo linalotumiwa kuliko yote: usingizi, wasiwasi, maumivu ya aina nyingi. Moyo uko katikati ya bakuli la chini, pale panaposhuka zaidi. Tumbo la chakula liko pale mzizi wa ukingo unapoishia ndani ya bakuli. Utumbo mpana uko juu ya mzizi huo, upande wa mbele, na hutumiwa kwa choo kigumu. Tumbo la uzazi liko kwenye lile bonde la pembetatu, upande wa mbele. Homoni ziko chini kabisa ya bakuli, kwenye pengo kati ya vinundu viwili. Na kisogo kiko kwenye kinundu cha chini, upande wa nyuma. Hilo ni doa la kizunguzungu na la kutapika safarini.

Mtaalamu haishii kwenye picha. Anachukua kijiti chenye ncha butu na kugusa taratibu eneo lote akitafuta panapouma kuliko jirani zake. Anatazama pia kama ngozi imebadilika rangi au ina kipele. Pale panapouma ndipo anapoweka tiba, hata kama ni milimita mbili pembeni ya kidoti cha kitabu.

mama_wawili

Dada hiyo tiba yenyewe ni sindano au vidole? Mimi sindano siziwezi.

Binti_Pangani

Zipo njia nyingi. Kuna sindano fupi, kuna kutoa matone ya damu kwenye ncha ya sikio (hufanywa na daktari kwa homa, macho mekundu na chokea), kuna umeme mdogo. Iliyoenea zaidi, na ndiyo mada yangu, ni mbegu.

Mbegu yenyewe inaitwa wang bu liu xing. Ni nyeusi, duara, ngumu, ukubwa wa haradali. Inawekwa katikati ya kipande kidogo cha plasta cha mraba, kama nusu sentimita kila upande. Sikio linafutwa kwa spiriti, linaachwa likauke kabisa, kisha plasta inabandikwa mbegu ikiwa juu ya doa. Mgonjwa anakwenda nayo nyumbani. Kila siku anabonyeza mara tatu hadi tano, kila doa dakika moja au mbili, mpaka ahisi sikio limepata moto na uzito fulani wenye uchungu wa mbali. Asipohisi chochote, mbegu imekaa pembeni. Akihisi uchungu mkali wa kukatika, amebonyeza kupita kiasi.

Na ni KUBONYEZA, narudia: unabana, unaachia, unabana. Usiisugue mbegu ikazunguka, maana ngozi ya sikio ni nyembamba na chini yake ni gegedu tu. Ngozi ikichubuka na wadudu wakaingia kwenye gegedu, sikio linavimba na linaweza kuharibika umbo. Gegedu lina damu kidogo sana, kwa hiyo likiambukizwa haliponi haraka. Ndiyo sababu sindano za kubaki sikioni huwa nazikataa kwa watu wenye kisukari, na mbegu nawawekea kwa uangalifu mkubwa.

Plasta hukaa siku tatu hadi tano. Penye joto na jasho kama kwetu pwani, mbili au tatu zinatosha. Ukibandua, pumzisha sikio hilo uhamie la pili.

Kwa usingizi mchanganyiko wangu ni Shenmen, moyo na kisogo, na mbano mmoja lazima uwe kama nusu saa kabla ya kulala. Kwa maumivu ya hedhi ni tumbo la uzazi, homoni na Shenmen, na uanze siku chache kabla damu haijaanza. Wengi husubiri mpaka wanajikunja kitandani ndipo wanakumbuka sikio. Kwa kichefuchefu cha gari ni tumbo la chakula, kisogo na Shenmen, na ubandike kabla ya kupanda basi. Choo kigumu: utumbo mpana, na maji ya kunywa ya kutosha, maana sikio peke yake halilainishi kitu.

Mzee_Famasi

Binti, hongera kwa mpangilio. Nimefanya kazi ya dawa maisha yangu yote, kwa hiyo niruhusu swali gumu. Unajuaje kuwa si imani ya mgonjwa tu? Mtu akishikwa sikio kwa upole na kusikilizwa, hata ukimbandikia ulezi atasema amepona.

Binti_Pangani

Shikamoo mzee. Hili ndilo swali lenyewe, na nitalijibu bila kuficha.

Mwaka 1984 Melzack na Katz wa Canada walipima watu 36 wenye maumivu sugu. Waliwapa umeme kwenye madoa sahihi na kwenye madoa ya uongo. Nafuu ilikuwepo, lakini madoa sahihi hayakuyashinda ya uongo. Na Melzack si mtu wa kumdharau. Ni mmoja wa waliotunga nadharia ya lango la maumivu ambayo madaktari wa maumivu wanaitumia mpaka leo.

Kuna habari nyingine kubwa zaidi. Mwaka 1972 daktari wa upasuaji wa ubongo Hong Kong, Wen, alikuwa akitumia sindano zenye umeme kwa wagonjwa, na waliokuwa watumiaji wa afyuni wakamwambia hamu na mateso ya kuacha yamepungua. Habari ikafika New York, hospitali ya Lincoln kule Bronx Kusini. Hapo Michael Smith na wenzake wakatengeneza mpango wa madoa matano ya sikio: Shenmen, simpathetiki (doa la neva zinazojiendesha zenyewe), figo, ini na mapafu. Mwaka 1985 likaundwa shirika la kuufundisha, na ukaenea vituo vingi vya kuacha dawa za kulevya. Kisha mwaka 2002 ukachapishwa utafiti wa Marekani wenye watumiaji wa kokeini 620. Wengine walichomwa madoa ya mpango, wengine madoa mengine ya sikio, wengine walitazama tu video za kupumzika. Matokeo: hakukuwa na tofauti.

Kwa hiyo, mzee, kwa kokeini jibu ni kwamba haifanyi kazi kama tiba yenyewe. Wagonjwa wengi wanapenda kukaa kimya na sindano zao sikioni na wanasema wanatulia, na kituo kinaweza kuwa na sababu ya kuendelea nayo kama pumziko. Lakini kuiita tiba ya uraibu ni kumpotosha mtu aliye hatarini.

Upande wa pili, kwa wasiwasi kabla ya operesheni majaribio kadhaa yameonyesha watu wanatulia zaidi ya waliowekewa madoa ya uongo. Kwa usingizi tafiti ni nyingi, hasa za China, na nyingi zinaonyesha nafuu, ila nyingi pia ni ndogo na hazikuficha vizuri nani anapata ipi. Mimi nazisoma kwa tahadhari.

Lipo pia jambo la mwili ambalo halihitaji imani. Wangapi humu wamesafisha sikio kwa njiti ya pamba wakaanza kukohoa ghafla? Kikohozi hicho kinatokana na tawi la neva ya vagasi linalofika sikioni. Vagasi ndiyo inayoshuka kifuani na tumboni, inayopunguza mapigo ya moyo na kuendesha usagaji wa chakula. Sikio la nje ndilo mahali pekee neva hiyo inapofika kwenye ngozi, na sehemu yake kubwa ni lile bakuli la juu. Siku hizi vipo vifaa vya umeme vinavyobanwa hapo hapo, na vinachunguzwa kwa kifafa na kwa sonona. Ndewe kwa upande wake ina neva zinazotoka shingoni. Kwa hiyo mimi naona inawezekana kabisa sikio likatuliza mwili kwa jumla. Kwamba kila kidoti kina kiungo chake kimoja, hilo sijaona ushahidi wa kunitosha, na wagonjwa wangu nawaambia hivyo hivyo.

Mzee_Famasi

Marahaba mwanangu. Jibu hilo nimelikubali. Wenzako wengi wangenirukia.

Mchokonozi

Sasa presha na sukari vipi? Maana ndiyo ilianzisha uzi.

Binti_Pangani

Nyuma ya sikio kuna kamfereji kanakoshuka kwa mshazari, Wachina wanakaita jiangyagou, na kweli wanakatumia kwa presha. Kubonyeza pale hakudhuru. Lakini presha haina maumivu ya kukuonya. Mtu anabana sikio, anajisikia mwepesi, anaacha vidonge, na mishipa ya ubongo inaendelea kuumia kimya kimya. Hospitalini Nanjing sikuwahi kumwona mwalimu akimwachisha mgonjwa dawa za presha kwa sababu ya mbegu. Mbegu zilibandikwa JUU ya dawa, na kipimo kilichukuliwa kila anapokuja. Mama yangu mdogo nimempa jibu hilo hilo: ameza vidonge, pima, na ukitaka kubana sikio ubane.

Kisukari ni hivyo hivyo, na zaidi kwa sababu ya vidonda. Homa usianze na sikio, kapime malaria. Kichwa kinachopasuka ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, kifua kinachobana, mdomo kwenda upande, mkono kufa ganzi: hapo tafuta gari la kwenda hospitali.

mama_wawili

Mimi nina ujauzito, miezi mitatu hivi, natapika asubuhi. Hilo doa la tumbo naweza?

Binti_Pangani

Hongera mpenzi. Kwa mjamzito sikio naliacha, hasa doa la tumbo la uzazi na la homoni. Kwa desturi ya Wachina, aliyewahi kuharibikiwa na mimba haguswi kabisa sikioni. Pengine tahadhari hiyo imezidi kiasi, lakini mimi naishika, maana ipo njia nyingine.

Geuza mkono kiganja kiwe juu. Weka vidole vitatu vya mkono wa pili kuanzia mstari wa kifundo kuelekea kiwiko. Pale vidole vinapoishia, katikati ya kano mbili, ni Neiguan. Bana kwa kidole gumba dakika mbili tatu, mkono huu kisha ule. Doa hilo limechunguzwa sana, zaidi kwa kichefuchefu cha baada ya operesheni, na huko linasaidia. Kwa wajawazito matokeo yamechanganyika, lakini halina madhara. Ila ukifika hatua maji hayakai tumboni, au mkojo umekuwa mchache na mweusi, nenda kliniki siku hiyo hiyo.

Kisiwandui

Kwetu kuna kuumika kwa pembe na kuna kukanda. Sikio sijawahi kuona likikandwa, ila wazee humvuta mtoto ndewe akipaliwa. Sijui vinahusiana.

Binti_Pangani

Siwezi kusema vinahusiana, lakini umenikumbusha jambo la shuleni China. Watoto hufanya mazoezi ya macho kila siku darasani, wakikanda kuzunguka jicho kwa muziki wa kipaza sauti. Yalianza Beijing miaka ya 1960. Toleo jipya la mwaka 2008 liliongeza kukanda ndewe pale kwenye doa la jicho. Kama yanazuia macho kutoona mbali ni ubishi mkubwa huko huko kwao, na madaktari wa macho wanasisitiza zaidi mtoto acheze nje kwenye mwanga wa jua. Lakini tiba ya sikio kule ni kitu cha kila siku kiasi hicho.

Mkulima_wa_Uyole

Niko Mbeya, hizo mbegu sizipati. Kuna mbadala? Na mwanangu wa miaka minne anatapika kila tukipanda basi, nimbandikie?

Binti_Pangani

Mbegu si lazima. Wachina wenyewe wametumia haradali, na hata choroko. Kinachotakiwa kiwe duara, laini, kigumu, kisichoweza kuota wala kuoza haraka kwa jasho. Haradali kavu na plasta ya kawaida ya dukani inatosha. Kama ngozi yako inawashwa na plasta, tumia ncha ya njiti ya pamba au ukucha uliokatwa mfupi, ubane kwa mkono.

Mtoto wa miaka minne usimbandikie. Ataibandua, na mbegu itaishia ndani ya tundu la sikio au puani, mhangaike hospitali kuitoa. Mpakate, umbane kwa ncha ya kidole pale kwenye kisogo na kwenye tumbo la chakula, polepole, kwa nguvu ya kubonyeza tunda bivu bila kulitia alama. Anza mkiwa bado stendi. Mkalishe mbele atazame barabara, na asipande akiwa ameshiba maziwa.